Jinsi ya kuteleza kwa mchezaji wa hoki ya barafuni: magoti, makali na breki

Wanaopata tabu kubwa siku ya kwanza barafuni ni wale wanaojua kukimbia. Wanaingia uwanjani, wanainama kama mkimbiaji wa mita mia, wanasukuma nyuma kwa vidole, na mguu unawatoroka. Wanajaribu tena kwa nguvu zaidi, mguu unatoroka zaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena nilishawishika kabisa kwamba skeiti nilizopewa, yaani vile viatu vyenye chuma chini, ni mbovu.

Hazikuwa mbovu. Ukikimbia ardhini unasukuma nyuma, ardhi inakataa kusogea, basi wewe unakwenda mbele. Barafuni ni mambo mengine. Chuma cha skeiti kimetengenezwa kiteleze kwa urefu wake, mbele na nyuma, bila ubishi. Ukikisukuma nyuma kitakwenda huko huko nyuma. Ubavu wake pekee ndio unaoshika. Kwa hiyo mchezaji wa hoki husukuma kando ili aende mbele, na karibu kila kitu utakachosoma hapa, kuanzia kuondoka hadi kupiga kona na kufunga breki, ni namna mbalimbali za kuutumia ubavu huo huku magoti yamekunjwa.

Viatu kwanza

Skeiti ya hoki haina meno ya mbele kama ya wacheza densi wa barafuni. Chuma chake kina unene wa milimita 3 hivi, na ukikitazama kwa mbele utaona mfereji mdogo uliochongwa katikati kwa urefu wake wote. Mfereji huo ndio unaozaa makali mawili: makali ya ndani, upande wa kidole gumba, na makali ya nje, upande wa kidole cha mwisho. Ukikitazama kwa ubavu, chuma kimebinuka kidogo ncha zote mbili kama mtumbwi, hivyo ni sehemu fupi tu inayogusa barafu kwa wakati mmoja. Mbinuko huo ndio unaokuwezesha kugeuka. Chuma cha kipa ni kinene zaidi na kimenyooka zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kusogea kando kwa kando langoni. Usiazime skeiti za kipa ujifunzie.

Skeiti nyingi za hoki huvaliwa namba moja au moja na nusu chini ya kiatu cha kawaida. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, kisigino kirudi nyuma kikae imara na vidole vipate nafasi. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hakuna ufundi utakaokuokoa. Wapenzi wa mchezo humtaja sana Paul Coffey, beki aliyefunga mabao 48 kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, msimu wa 1985–86, kwamba alivaa skeiti ndogo kuliko mguu wake kwa makusudi. Mwache Coffey na miguu yake. Anayeanza akibanwa hadi ganzi atajifunza kuuchukia mchezo tu.

Kamba zilegee kidogo kwenye vidole, zikaze sawasawa pale kiatu kinapopinda kwenye kifundo cha mguu, na juu kabisa zisibane hadi goti lishindwe kwenda mbele. Wengine huliacha tundu la mwisho bila kamba kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo ni rahisi: simama, sukuma goti mbele hadi lipite vidole. Kiatu kikikuzuia, legeza juu.

Kisha kunoa. Skeiti mpya mara nyingi huuzwa bila makali ya kutosha, na mtu hujifunza mwezi mzima akidhani hajui, kumbe chuma ni butu. Pitisha ukucha kwa upole juu ya kila upande. Ukikwanguka unga mweupe, makali yapo. Upande mmoja ukikwangua na mwingine ukipita laini, chuma kimenolewa kombo, kirudishe. Fundi atakuuliza unataka mfereji wa kina gani. Kipimo chake ni nusu kipenyo cha duara linalochonga mfereji, na nusu inchi, yaani milimita 12.7, ni kipimo cha kati. Namba ikipungua, mfereji unazama zaidi na makali yanang'ata. Namba ikiongezeka, tuseme milimita 16, utateleza mbali kwa nguvu kidogo lakini utashika kidogo pia. Mwenye mwili mzito anaweza kutumia mfereji wa kina kifupi kwa sababu uzito wake unauzamisha chuma, mwepesi huhitaji kina. Chukua nusu inchi, kaa nayo, na usianze kubadilisha-badilisha kabla hujaweza kufunga breki.

Helmeti, glavu, vikinga goti na ugoko, vikinga viwiko: vaa vyote hata kama leo hakuna mechi. Mtu aliyevaa vikinga hukunja goti bila woga, na hilo peke yake linafupisha safari.

Mkao

Fanyia haya nyumbani kwanza, ukiwa umevaa soksi, mbele ya kioo.

1. Weka miguu upana wa mabega, vidole vikitazama mbele.
2. Kunja magoti hadi ukitupa jicho chini magoti yamefunika vidole.
3. Shusha makalio kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, lakini kifua kibaki juu na macho yatazame mbele.
4. Weka uzito katikati ya wayo, ukielekea kidogo ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Uzito ukikaa kisiginoni utaangukia mgongo. Ukikaa vidoleni utaangukia uso.

Wengi hukosea namba tatu: badala ya kukunja magoti wanapinda kiuno. Kutoka ndani unahisi uko chini, kumbe miguu imenyooka kama nguzo na kichwa ndicho kilichoshuka. Mwombe mtu akupige video ya sekunde kumi kutoka ubavuni. Video yangu ya kwanza ilinitia aibu: nilidhani nimechuchumaa kama mchezaji wa kulipwa, na kwenye picha nilionekana nikisubiri basi.

Gongo, yaani fimbo ya kuchezea, lishikwe kwa mkono wa juu peke yake, ubapa wake ukigusa barafu mbele yako kidogo. Usiliegemee kama mkongojo. Ukizoea kuliegemea, siku ukipokea kisahani, kile kidude bapa kinachochezwa badala ya mpira, utakuwa huna mguu wala gongo.

Kuanguka na kuinuka

Utaanguka, basi jifunze kuanguka vizuri. Ukihisi umepoteza mizani, kunja magoti zaidi, uanguke kwa ubavu wa paja na kalio. Usitangulize mikono kuzuia, maana kifundo cha mkono ndicho huumia. Ukiwa chini, kunja ngumi na uvute mikono karibu na mwili, kwa sababu wenzako wanapita na vyuma vya miguu. Kuinuka: piga magoti, weka mguu mmoja wa mbele ukiwa bapa, mikono yote miwili juu ya goti hilo, sukuma juu. Fanya hivyo mara tano kila upande kabla ya kujifunza kitu kingine, kisha usahau hofu.

Hatua za mwanzo

Ingia barafuni karibu na ukuta lakini usiukumbatie. Tembea hatua fupi za bata, visigino karibu, vidole vikiangalia nje. Baada ya hatua nne tano utakuta unateleza mwenyewe. Acha miguu yote miwili itulie, kunja magoti, subiri kasi iishe. Rudia hadi uchoke kusubiri.

Ukishazoea, fanya zoezi ambalo wengi huliita samaki, kwa umbo linaloachwa kwenye barafu. Anza visigino vikiwa pamoja na vidole vikitazama nje. Zamisha magoti na usukume miguu yote miwili kando kwa makali ya ndani, inavyotanuka igeuze vidole ndani, kisha ivute ikutane tena. Miguu haiinuki hata mara moja. Ukitazama nyuma utaona mstari wenye tumbo na mkia. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalokufundisha kwamba nguvu inatoka pale goti linaposhuka na chuma kinapolala ubavu. Fanya uwanja mzima. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60, na ukifika upande wa pili mapaja yatakuwa yanawaka. Yasipowaka, hukukunja magoti.

Halafu mguu mmoja. Jisukume, inua mguu mmoja sentimita chache, uteleze juu ya mwingine ukihesabu moja hadi tatu. Pua, goti na vidole vya mguu unaobeba vikae kwenye mstari mmoja. Mchezaji wa hoki akiwa na kasi huwa juu ya mguu mmoja karibu muda wote, kwa hiyo asiyeweza kukaa juu ya mguu mmoja hajaanza kuteleza, anatembea tu kwa haraka.

Msukumo wa mbele

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nitauvunja msukumo mmoja vipande vipande, ingawa ukiufanya vizuri hauna vipande.

Kwanza, mguu unaosukuma uanzie chini ya mwili. Visigino vikiwa karibu karibu, uzito wote ukiwa juu yake, goti limekunjwa. Anayeanzisha msukumo mguu ukiwa tayari kando ameshapoteza nusu ya nguvu kabla hajaanza, kama mtu anayerusha ngumi mkono ukiwa umeshanyooka.

Pili, laza chuma juu ya makali ya ndani. Kifundo cha mguu na goti viingie ndani kidogo hadi uhisi chuma kimeng'ata barafu. Usisukume kabla ya kuhisi hivyo.

Tatu, sukuma kando na nyuma kidogo, kwa paja lote na nyonga, hadi mguu unyooke kabisa. Kwanza nyonga inafunguka, kisha goti linanyooka, na mwisho kabisa kifundo cha mguu kinamalizia kwa kusukuma na sehemu ya mbele ya chuma. Mguso huo wa mwisho ni mdogo na wa haraka, lakini ukiukosa unaacha mali mezani kila hatua.

Nne, wakati mguu mmoja unanyooka, mwingine unaoteleza ubaki umekunjwa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwili wa binadamu ukisukuma hutaka kusimama wima. Kichwa kikipanda na kushuka kila hatua, nguvu yako inakwenda juu hewani badala ya kwenda mbele. Mwenzako akikutazama kutoka nyuma ya ukuta, helmeti yako ionekane inapita kwenye mstari ulionyooka.

Tano, rudisha mguu. Usiuinue juu kwa nyuma kama anayekimbia. Urudi chini chini, chuma kikiwa karibu kugusa barafu, hadi ufike chini ya mwili karibu na mwenzake. Hapo tu ndipo unapoushusha na kuuhamishia uzito wote, na mwenzake anaanza kusukuma. Kosa lililoenea ni kuushusha mbali, miguu ikiwa imetanuka kama ya anayepanda ngamia. Matokeo yake kila msukumo ni mfupi, na mtu anazidisha idadi ya hatua kufidia. Anaonekana ana bidii, ila anapitwa na mtu anayepiga hatua chache na ndefu.

Mikono inafuata miguu kama katika kutembea: mguu wa kulia ukisukuma, mkono wa kulia unakwenda mbele. Iende mbele na nyuma, isivuke kifua, kwa sababu mikono inayovuka kifua huyumbisha mabega na mwili unapoteza mstari. Ukiwa huna kisahani, toa mkono wa chini kwenye gongo. Ukishika gongo kwa mikono miwili unajifunga mwenyewe.

Zoezi langu ninalolipenda kuliko yote ni la polepole. Piga misukumo minne tu kutoka mstari wa lango moja, kisha uteleze uone umefika wapi. Rudi, jaribu kufika mbali zaidi kwa misukumo ile ile minne. Huwezi kudanganya zoezi hili kwa kuharakisha miguu. Ama umekunja goti na kunyoosha hadi mwisho, ama umeishia katikati ya uwanja. Kasi ya miguu itakuja baadaye, tena hoki huidai: zamu ya mchezaji uwanjani huwa kama sekunde 45 hivi kabla ya kubadilishwa, na katika muda huo anakimbizana kwa nguvu zote. Lakini kuharakisha hatua mbovu ni kuchoka mapema tu.

Breki

Watu wengi hujifunza breki mwisho. Ningepanga mimi, wangejifunza siku ya pili, maana asiyejua kusimama hawezi kuthubutu kwenda kasi, na asiyekwenda kasi hajui kama msukumo wake ni mzuri.

Anza na breki ya jembe. Teleza polepole kwa miguu miwili iliyotanuka, kunja magoti, geuza vidole ndani na usukume visigino nje, makali ya ndani yakikwangua barafu. Ukisikia sauti ya kukwangua na kuona theluji mbele ya chuma, umeipata. Ukiona unaendelea tu, chuma kimelala bapa, zamisha goti zaidi.

Breki ya hoki yenyewe, ile ya kusimama kwa ubavu na theluji kuruka, ina hatua hizi. Kwanza shika ukuta, na ukiwa umesimama kwangua barafu kwa mguu mmoja, ukiusukuma ubavu mbele na kuuvuta, hadi utengeneze kilima kidogo cha theluji. Lengo ni ujue pembe: kwa pembe moja chuma kinashika ghafla na kukutupa, kwa nyingine kinateleza tu. Kuna nafasi katikati ambapo kinakwangua. Sasa achia ukuta, piga misukumo mitatu minne, teleza kwa miguu miwili. Inuka kidogo kuondoa uzito juu ya vyuma. Geuza nyonga, magoti na skeiti pamoja kwa ubavu, robo duara. Mabega yabaki yakitazama unakokwenda. Papo hapo zama chini kwa magoti yote mawili na uegemee nyuma kidogo ya mwendo.

Ukigeuzia vidole kushoto, mguu wa kulia ndio unaokuwa mbele na unakwangua kwa makali ya ndani, wa kushoto uko nyuma unakwangua kwa makali ya nje. Miguu itengane, upana wa mabega au pungufu kidogo. Wengi huwa wanasimama kwa mguu wa mbele peke yake huku wa nyuma ukielea, na kwa kuanzia si vibaya. Muhimu zaidi ni upande. Kila mtu ana upande anaoupenda, na kila kocha ameona mchezaji anayezunguka nusu duara ili afunge breki upande wake. Kwenye mechi hakuna anayekusubiri ugeuke. Kwa kila breki moja ya upande mzuri, piga mbili za upande mbaya.

Angalizo moja kuhusu barafu. Baada ya mashine ya kulainisha kupita, ile ambayo wengi huiita Zamboni kwa jina la Frank Zamboni aliyeiunda ya kwanza mwaka 1949, barafu huwa laini na ya kasi, na breki inahitaji pembe nyingine kidogo. Tumia mizunguko miwili ya kwanza kuijaribu kabla ya kujirusha. Na usiingie mpaka mashine imetoka na mlango umefungwa.

Makali na kona

Chukua duara la katikati ya uwanja, lile lililochorwa. Uzuri wake ni kwamba mstari hauna huruma, unaonyesha waziwazi ukitoka nje.

Hatua ya kwanza ni kona ya miguu miwili. Ukigeukia kushoto, tanguliza mguu wa kushoto mbele kidogo, ulaze juu ya makali ya nje. Mguu wa kulia ufuate nyuma yake juu ya makali ya ndani. Kichwa kigeuke kwanza, kisha mabega na gongo, kisha mwili wote uinamie ndani ya kona huku magoti yakizama. Ukiinama kwa bega bila goti, skeiti zitakukimbia chini. Fanya polepole hadi uwe na imani na makali ya nje ya mguu wa ndani. Hayo ndiyo makali ambayo mwili huyaogopa, kwa sababu unahisi unaangukia upande usio na mguu wa kukudaka.

Hatua ya pili, kupishanisha miguu. Bado tunazunguka kushoto. Mguu wa kulia unasukuma nje kwa makali ya ndani hadi unyooke. Kisha unainuka kidogo, unavuka juu ya vidole vya mguu wa kushoto na kutua ndani ya duara. Wakati huo huo, na hapa ndipo wengi hupitwa, mguu wa kushoto hausubiri tu upishwe. Unasukuma nao, kwa makali ya nje, ukipita chini ya mwili kuelekea kulia hadi unyooke. Kwa hiyo kila mpishano una misukumo miwili. Anayevuka mguu bila kusukuma na ule wa chini anatembea kwenye kona.

Umuhimu wake unauona kwenye shindano la mwenye kasi zaidi katika wikendi ya nyota wa NHL. Mwaka 1996 Mike Gartner alizunguka uwanja kwa sekunde 13.386, na ilichukua miaka ishirini hadi Dylan Larkin alipozunguka kwa 13.172 mwaka 2016. Mzunguko huo una kona nne na sehemu zilizonyooka fupi, basi mtu asiyeongeza kasi kwenye kona hana pa kuiongezea. Mtazame pia Connor McDavid, mshambuliaji wa NHL, akitoka katikati ya uwanja na kisahani: anapishanisha miguu hata pale ambapo wengine wangekwenda kwa misukumo ya kawaida, na beki anayemkabili hajui atakatia upande gani.

Ukiona mtu wa densi ya barafuni anafundisha timu ya hoki, usicheke. Barbara Underhill, bingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi mwaka 1984 pamoja na Paul Martini, baadaye alikuja kuwafundisha wachezaji wa NHL namna ya kuteleza. Watu wa densi huishi juu ya makali. Sisi wa hoki hukumbuka makali tukishaanguka.

Kurudi nyuma na kugeuka

Beki huteleza kinyumenyume sehemu kubwa ya mechi, na mshambuliaji pia hawezi kukwepa. Kaa kwenye mkao ule ule wa kigoda, makalio chini zaidi, kifua juu zaidi. Geuza kisigino cha mguu mmoja nje, zamisha goti, kisha sukuma ukichora nusu duara mbele yako kwa makali ya ndani, uurudishe mguu chini ya mwili. Mguu mwingine unateleza kinyumenyume kwenye mstari ulionyooka. Kisha badilisha. Skeiti zibaki kwenye barafu. Ukiyumba kiuno kushoto na kulia kama mkia wa bata, unatumia mwili badala ya mguu, na mshambuliaji akikuona hivyo atajua pa kupitia. Macho yatazame kifua cha mpinzani. Ukitazama kisahani atakuchezea.

Kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma: teleza kwa miguu miwili, geuza kichwa na mabega, inuka kidogo kuondoa uzito, nyonga na skeiti zifuate nusu duara, kisha zama tena. Kutoka nyuma kwenda mbele ni kufungua nyonga: hamishia uzito mguu mmoja, fungua mwingine hadi vidole vitazame unakokwenda, ukanyage na usukume mara moja kwa ule wa nyuma. Ukigeuka bila kusukuma, umempa mpinzani hatua mbili bure.

Kuondoka kwa kasi

Hapa pekee ndipo mkimbiaji anapopata haki yake. Visigino pamoja, vidole vikitazama nje kabisa, mwili uangukie mbele hadi ulazimike kukanyaga. Hatua tatu au nne za kwanza ni fupi, za kukimbia, juu ya sehemu ya mbele ya makali ya ndani, bila kuteleza hata kidogo. Kuanzia ya tano zirefushe, na zielekee kando zaidi na zaidi. Kosa ni kuendelea kukimbia hivyo hadi katikati ya uwanja. Miguu inapiga kelele nyingi na mtu hafiki.

Kupanga mazoezi

Ukiwa na dakika 50 za barafu, robo ya kwanza iwe samaki, mguu mmoja na duara. Kisha breki ukiwa bado una nguvu, kwa sababu breki za mtu aliyechoka hufundisha breki mbovu. Halafu misukumo minne minne, halafu kona, na mwisho kasi. Kisahani kisiingie hadi uweze kufanya yote hayo ukitazama mbele. Kikiingia, anza upya na mambo rahisi: samaki ukiwa na kisahani, duara ukiwa na kisahani. Utaona kila kitu kinarudi nyuma wiki mbili. Ni kawaida, macho yameshuka tu na kichwa kimevuta mgongo. Kisahani kina uzito wa gramu 156 hadi 170, unakihisi kwenye gongo bila kukitazama.

Nje ya barafu, chuchumaa ukiegemea ukuta, ruka kando kwa kando kwa mguu mmoja na kutulia sekunde mbili kila unapotua. Ndiyo msukumo wenyewe bila chuma.

Ukitoka uwanjani, usitembee juu ya saruji hata hatua tatu. Kanyaga mpira au vaa vifuniko. Fika kwenye benchi, futa vyuma kwa kitambaa kikavu hadi kwenye maungio ya juu yanaposhikana na kiatu, maana hapo ndipo maji hujificha. Vua vile vifuniko vigumu vya kutembelea, ukivihifadhi navyo chuma kitaota kutu usiku mmoja, na badala yake vaa vya kitambaa. Toa soli ya ndani, acha kiatu wazi kikauke mbali na moto. Hesabu saa zako za barafu: baada ya saa 10 hadi 20 hivi, pitisha tena ukucha.